Tai, Mti na Chungu: Usomaji wa Alama za Majina ya Watu katika Miswada ya Kinahuatl ya Karne ya 16

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna majina ya watu yalivyoandikwa kwa alama za picha katika miswada ya Wanahua wa Meksiko ya kati baada ya uvamizi wa Wahispania, hususan orodha za kaya za Tepetlaoztoc za miaka ya mwanzo ya 1540 na Matrícula de Huexotzinco ya mwaka 1560. Hoja yake ni kwamba andiko la hati za Kirumi lililo kando ya alama, ambalo mara nyingi huchukuliwa kuwa ndiyo tafsiri ya alama hiyo, ni shahidi wa pili tu. Pale mashahidi hao wawili wanaposema mambo yasiyolingana ndipo utaratibu wa maandishi ya Kinahuatl unapoonekana vizuri zaidi.

1. Itzcoatl wawili

Mtawala wa nne wa Tenochtitlan, aliyeshika utawala kuanzia 1427 hadi 1440, aliitwa Itzcoatl. Jina hilo lina mashina mawili: itz-, kutoka itztli, yaani jiwe jeusi la volkano ambalo Wanahua walilichonga visu na ncha za mishale, na coatl, yaani nyoka. Katika Codex Mendoza, mswada uliochorwa mjini Mexico mwanzoni mwa miaka ya 1540 na ambao sasa umehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, jina hilo limechorwa kama nyoka ambaye mwili wake umeota ncha za jiwe hilo. Mtu asiyejua hata neno moja la Kinahuatl anaweza kuitazama picha hiyo, akasema "nyoka wa mawe makali", na asiwe amekosea sana.

Takriban wakati huohuo, huko Tepetlaoztoc, upande wa mashariki wa ziwa Tetzcoco, waandishi wenyeji walikuwa wakiandika orodha ya kaya na mashamba ya watu wa kawaida. Orodha hiyo imetufikia katika miswada miwili iliyo kama ndugu: Codex Vergara, uliopo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na Códice de Santa María Asunción, uliobaki Meksiko. Katika Codex Vergara yumo mtu mwenye jina lilelile la mtawala. Hata hivyo, kando ya kichwa chake hakuna nyoka. Kuna alama ya jiwe kali, kisha chungu, kisha maji. Chungu kwa Kinahuatl ni comitl. Maji ni atl. Ukichukua shina la neno la kwanza na mwanzo wa kila neno linalofuata, utapata itz-co-a, na hapo jina limekamilika. Kiambishi -tl cha mwisho, ambacho hubebwa na nomino nyingi za lugha hiyo, msomaji alitarajiwa kukiongeza mwenyewe.

Mfano huu si mgeni. Joseph Aubin aliutumia mwaka 1849 alipojenga hoja kwamba Wanahua walikuwa na alama zenye thamani ya silabi, na tangu hapo umerudiwa katika vitabu vingi. Hata hivyo, unastahili kutazamwa tena kwa sababu ya jambo ambalo Aubin hakulikazia: mmoja wa Itzcoatl hawa alikuwa mtawala, na mwingine mkulima aliyeandikwa ili shamba lake lipimwe. Kwa mtawala, picha ililingana na maana ya jina. Kwa mkulima, picha ililingana na sauti peke yake. Anayemsoma mkulima huyu kama anavyomsoma mtawala atamfanya mfinyanzi au mchota maji, na kazi hiyo hakuipewa na mwandishi wake.

2. Suala la picha na maandishi

Swali la iwapo alama hizi ni maandishi lilianza mapema. Mjesuti José de Acosta, ambaye historia yake ya nchi za Indies ilichapwa mwaka 1590, alimwandikia Juan de Tovar kumuuliza ni vipi watu wasio na herufi waliweza kuhifadhi hotuba ndefu na kumbukumbu za miaka mingi. Tovar alijibu kwamba walikuwa na michoro na alama za kuandikia mambo, ingawa hazikutosheleza kama maandishi ya Wazungu, na kwamba maneno yenyewe walijifunza kwa moyo. Jibu hilo lilikubalika kwa karne kadhaa, na sehemu yake moja ni sahihi: simulizi za kihistoria za Wanahua hazikuandikwa neno kwa neno kwa alama. Zilichorwa, kisha zikasimuliwa.

Lakini jina la mtu si simulizi. Jina ni neno la lugha mahususi, na halibadiliki kwa hiari ya msimulizi. Ndiyo maana majina ya watu na ya miji yamekuwa uwanja wa mabishano haya kuliko sehemu nyingine yoyote ya miswada. Elizabeth Hill Boone na Walter Mignolo, katika mkusanyiko waliouhariri mwaka 1994, waliutanua ufafanuzi wa maandishi ili uingize hata mifumo isiyofungwa na maneno ya lugha. Alfonso Lacadena (2008) alikwenda upande mwingine. Alidai kwamba mfumo wa Kinahuatl ulikuwa na alama-neno na alama-silabi, na ulifungwa na lugha kama ulivyofungwa ule wa Wamaya. Kilichowapotosha watafiti ni kwamba walitegemea mno kazi za waandishi wa Tenochtitlan, ilhali waandishi wa eneo la Tetzcoco, ambako Tepetlaoztoc imo, walipenda zaidi kuandika sauti.

Pingamizi kubwa dhidi ya Lacadena, na dhidi ya Aubin kabla yake, ni la kihistoria. Miswada yenye silabi nyingi ni ya baada ya 1521. Je, si kweli kwamba wenyeji walijifunza kugawa maneno katika sauti baada ya kuona alfabeti ya watawa? Pingamizi hili lina uzito, lakini lina udhaifu mkubwa zaidi. Alfabeti haimfundishi mtu kuandika co kwa chungu; ingemfundisha kutenga c na o. Alama-silabi za Tepetlaoztoc zote zimetoka katika msamiati wa Kinahuatl na zinafuata umbo la silabi za Kinahuatl. Isitoshe, mbinu yenyewe imeenea katika majina ya miji ambayo utamaduni wa kuyachora haukuanzia kwa Wahispania. Mji wa Cuauhtitlan ("penye miti") huandikwa kwa mti wenye meno, kwa kuwa meno, tlantli, yanatoa sauti ya -tlan ya mahali. Cuauhnahuac ("karibu na miti") huandikwa kwa mti wenye kinywa kinachotoa alama ya usemi, kwa kuwa usemi ulio wazi ni nahuatl, nao unafanana kisauti na -nahuac, "karibu na". Meno na usemi havina uhusiano wowote na misitu. (Wahispania nao waliucheza mchezo huohuo kwa sikio, wakalisikia jina hilo kama Cuernavaca, "pembe la ng'ombe".) Kuhusu uhaba wa ushahidi wa kabla ya uvamizi, inatosha kukumbuka jinsi miswada ya Meksiko ya kati iliyonusurika kutoka enzi hiyo ilivyo michache. Ukimya wa rafu iliyochomwa hauwezi kutumiwa kama ushahidi wa kile ambacho hakikuwamo.

Kinachoweza kukubaliwa ni kwamba mazingira ya ukoloni yaliongeza haja ya kuandika sauti, kama itakavyoonekana mwishoni. Kuongeza haja, hata hivyo, si kuvumbua.

Lugha yenyewe ya wenyeji haikuutenganisha uchoraji na uandishi. Kitenzi icuiloa kilimaanisha yote mawili, na tlacuilo alikuwa mtu aliyeifanya kazi hiyo moja. Kiswahili kina mipaka yake mingine katika uwanja huu, kwani kuandika hubeba pia maana ya kupanga mahali pake, kama katika kuandika meza, na pengine maana hiyo inamfaa tlacuilo wa Tepetlaoztoc kuliko neno mchoraji: alipanga vitu vitatu mahali pake, na jina likasomeka.

3. Ngao moja, usomaji zaidi ya mmoja

Ikiwa alama zinaweza kubeba maana au sauti, msomaji anajuaje ipi ni ipi? Hakuna kanuni moja inayotosha. Mfano wa ngao unaonyesha ugumu huo kuliko mwingine.

Mtawala wa tatu wa Tenochtitlan, Chimalpopoca, huandikwa kwa ngao inayofuka moshi. Chimalli ni ngao. Popoca ni kufuka moshi. Hapa ngao inasomwa kama neno lake lenyewe. Lakini katika Matrícula de Huexotzinco wapo wanaume wengi waitwao Yaotl, "adui", jina lililokuwa pia mojawapo ya majina ya mungu Tezcatlipoca na lililokuwa la kawaida sana miongoni mwa watu wa chini. Jina hili huandikwa kwa ngao ikiwa pamoja na macuahuitl, rungu lililotiwa makali ya mawe. Picha ni mbili, lakini neno ni moja. Anayezisoma kila moja peke yake atapata jina ambalo hakuna Mnahua aliyewahi kuitwa. Silaha zikikaa pamoja zinaleta dhana ya vita, na dhana hiyo ndiyo inayoleta shina yao-. Kwa hiyo, kanuni iliyomsaidia msomaji wa Itzcoatl wa Tepetlaoztoc, ya kuitenga kila alama na kuchukua mwanzo wake, inamwangusha akifika kwa Yaotl.

Bendera nayo ina tabia kama hiyo. Pantli, bendera, hutoa sauti ya -pan katika majina ya mahali. Katika hesabu za kodi bendera hiyohiyo ni namba 20, kama vile unywele au unyoya unavyosimamia 400 na mfuko unavyosimamia 8,000. Katika ukurasa wa kodi ambao una majina na hesabu pamoja, ni nafasi ya bendera pekee inayoonyesha kazi yake.

Kisha kuna machozi. Mtu aitwaye Icnotl, "yatima" au "mkiwa", huweza kuandikwa kwa uso unaotokwa machozi. Lakini machozi usoni hutumika pia kumtambulisha mjane, ambaye kodi yake ilihesabiwa tofauti. Katika hali hiyo, tone moja la maji likisomwa vibaya linageuza hali ya mtu kuwa jina lake, au jina lake kuwa hali yake. Majina ya namna hii hayapaswi kumshangaza msomaji wa Kiswahili, anayewafahamu watu waitwao Shida, Tabu na Mashaka bila kudhani kwamba karani ameandika hali zao za maisha. Mtawa Toribio de Benavente alijichagulia jina Motolinia, "anayetaabika", baada ya kulisikia neno hilo likitamkwa na wenyeji walioona nguo zake zilizochakaa. Kwake lilikuwa jina la fahari ya umaskini.

Ugumu mwingine umo katika majina ambayo hayana umbo. James Lockhart (1992) na S. L. Cline (1993) wameonyesha kwamba wanawake wengi wa tabaka la kawaida waliitwa kwa nafasi yao ya kuzaliwa: Teyacapan kwa wa kwanza, Tlaco kwa wa katikati, Teicuh kwa mdogo, Xoco kwa kitinda mimba. Tai huchoreka, na moshi huchoreka. "Wa katikati" hachoreki. Anayetaka kumwandika mwanamke huyo kwa alama hana njia isipokuwa kuazima kitu chenye sauti inayokaribiana na jina lake. Inafaa kusisitizwa kwamba hoja ya kwamba maandishi haya ni picha za maana tu imejengwa zaidi juu ya majina ya watawala, ambao walikuwa wanaume na ambao majina yao yalijaa wanyama, silaha na manyoya. Mjadala ungeanza kwa Teyacapan na Tlaco, huenda usingechukua muda mrefu hivyo.

4. Huexotzinco, 1560

Matrícula de Huexotzinco, ambayo nayo imo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na ambayo Hanns Prem aliihariri mwaka 1974, ni orodha ya walipa kodi wa jimbo la Huexotzinco. Kurasa zake zimejaa vichwa vya wanaume vilivyopangwa kwa safu, kila kichwa na alama ya jina lake, na kando yake jina hilo limeandikwa kwa hati za Kirumi. Ni maelfu ya majina. Tarehe 30 Julai mwaka huohuo wa 1560, baraza la mji huo lilimwandikia Mfalme Philip II barua kwa Kinahuatl, likilalamika kwamba kodi ya peso 14,800 pamoja na mahindi ingewamaliza watu wake. Kwa hiyo, suala la nani yupo, nani ni mjane na nani amezeeka, halikuwa suala la wanahistoria. Kosa la karani lilikuwa na bei.

Hapa ndipo andiko la pembeni linapohitaji kutazamwa kwa makini. Kwa kawaida linatoa majina mawili: la ubatizo, mara nyingi kwa kifupisho, na la Kinahuatl. Alama kwa kawaida inatoa la pili tu. Mwanamume aliyeandikwa Juan Quauhtli ana kichwa cha tai kando yake, na hakuna chochote kinachosema Juan. Tofauti hii si uzembe. Majina ya ubatizo yaliyotolewa na watawa yalikuwa machache, na watu waliobatizwa walikuwa wengi. Juan, Pedro, Diego na Martín wanajirudia ukurasa baada ya ukurasa, kiasi kwamba jina hilo peke yake lisingemtenga mlipa kodi mmoja na jirani yake. Inaelekea kwamba alama ya picha iliendelea kuishi katika nyaraka za serikali ya kikoloni kwa sababu hiyo ya kiutendaji: ndiyo iliyobeba sehemu ya jina iliyomtambulisha mtu.

Jambo la pili linahusu sauti. Alfabeti iliyoletwa na watawa haikuonyesha urefu wa irabu, ambao katika Kinahuatl hutofautisha maneno. Shina la "tai" lina irabu ndefu na shina la "mti" lina irabu fupi, lakini makarani waliyaandika yote mawili quauh-. Sarufi ya Horacio Carochi, iliyotoka mwaka 1645, ndiyo inayosifiwa kwa kuzitia irabu hizo alama. Orodha za 1560 hazina msaada huo. Mtafiti anayekutana na jina linaloanza na quauh- katika hati za Kirumi peke yake hawezi kujua kwa hakika iwapo ni la tai au la mti. Akigeukia picha, mara nyingi shaka inaondoka: kuna mdomo uliopinda na manyoya, au kuna shina na matawi. Wanafunzi wa miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu wanaijua shida ya upande mmoja wa jambo hili, pale ambapo herufi moja inasimamia b na p, au alama moja ya irabu inasimamia i na e, na muktadha ndio unaoamua. Mwandishi wa Huexotzinco aliuacha muktadha huo ukiwa umechorwa.

Kwa hiyo, desturi ya kuanza na andiko la pembeni na kisha kutafuta katika picha kile ambacho andiko limekwisha kusema inapaswa kuachwa. Desturi hiyo huifanya picha ionekane kama pambo. Pia huficha sehemu zilizo na thamani kubwa zaidi: pale ambapo picha ina kipande kisichokuwamo katika andiko, au andiko lina kiambishi ambacho picha imekiacha. Kiambishi cha heshima na udogo, -tzin, ni mfano unaofaa. Huweza kuandikwa kwa sehemu ya chini ya kiwiliwili cha mtu, tzintli, na alama hiyo hiyo imo katika jina la Huexotzinco lenyewe, ambalo kwa kawaida ni mti wa mierebi juu ya kiwiliwili hicho. Alama hiyo ikiwapo na andiko likakosa -tzin, au kinyume chake, msomaji ana mbele yake waandishi wawili, au mwandishi mmoja katika mifumo miwili, ambao hawakukubaliana juu ya namna ya kumtaja mtu huyo.

5. Majina ya wageni

Wahispania nao waliandikwa. Katika Codex Telleriano-Remensis, Pedro de Alvarado anatambulishwa kwa jua, kwa kuwa wenyeji walimwita Tonatiuh, "Jua". Hili ni jina la utani la Kinahuatl na halikuleta ugumu wowote. Gavana mkuu Antonio de Mendoza hakuwa na jina la utani la kumsaidia mwandishi. Aliandikwa kwa mmea wa katani wa Meksiko, metl, na panya-fuko, tozan: me-toza. Kinahuatl hakina d, na n inayofunga silabi hutamkwa kwa udhaifu, hivyo Mendoza alisikika hivyo masikioni mwa mwandishi na hivyo ndivyo alivyoandikwa. Mwandishi wa historia Torquemada anaeleza pia jinsi wenyeji walivyoishika sala ya Pater noster kwa bendera, pantli, kwa sauti ya mwanzo ya Pater, na tunda la mpungate, nochtli, kwa noster. Katika mifano hii maana za picha hazina kazi kabisa. Hakuna anayeweza kudai kwamba gavana alifananishwa na panya-fuko, ingawa wenyeji waliomlipa kodi huenda waliuona mfanano huo na kucheka.

Mbinu iliyowaandika wageni ndiyo iliyomwandika Itzcoatl wa Tepetlaoztoc. Yeye na majirani zake waliandikwa katika miaka ya mwanzo ya 1540; maradhi makubwa ambayo Wanahua waliyaita cocoliztli yalianza mwaka 1545, yakaua watu wengi mno katika Meksiko ya kati, na yakarudi tena mwaka 1576. Kwa kaya nyingi za orodha hiyo, alama iliyo kando ya kichwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki. Baada ya hapo, kama Lockhart alivyoonyesha, majina ya pili ya Kinahuatl yalizidi kuachwa, na mahali pake pakachukuliwa na jina la pili la mtakatifu: Juan Diego, Pedro Martín, Domingo Francisco. Katika orodha za karne ya 17 za watu wa namna hiyo hakuna tai wala mti wa kutofautishwa, na karani anatumia kalamu moja tu.